Singa

Barabara za Ngamiani zina namba badala ya majina,
na nadhani ndiyo maana baba aliipenda Tanga:
ukiwa ya kumi na mbili, unajua ya kumi na tatu iko wapi,
haihami, haikopi, haichelewi.

Miaka thelathini na mmoja alipanga madaraja ya mkonge
ghalani, njia ya Pongwe.
Singa ndefu, nyeupe, isiyo na doa: daraja la kwanza.
Fupi kidogo, la pili. Yenye kovu la kijani, la tatu.
Hakutumia rula. Aliipitisha kiganjani
kama mtu anayesikiliza.
Mameneja walikuja wakaondoka,
wote wakaandika neno moja kwenye faili lake:
makini.

Neno hilo hilo lilirudi naye nyumbani jioni,
likavua viatu, ncha zikitazama ukuta,
likahesabu njiti za kiberiti.
Mama akikunja chandarua, baba alikikunjua akakikunja upya.
Hakugomba. Alikikunja tu.
Mama akaacha kukunja,
akaacha kupika wali wa Ijumaa,
mwishowe akaacha kusema jambo lolote
asilokuwa na hakika nalo.

Uvunguni, makopo kumi na manane ya Blue Band,
ndani misumari iliyopinda ikanyooshwa kwa nyundo.
"Iko siku itahitajika."
Siku hiyo haikupata kuijua anwani yetu.

Kibwana wa shangazi alichukua kitita kimoja cha kamba
kufungia mbuzi wa hitima.
Baba alimwandikia ripoti, nakala tatu.
Alilia akiandika. Nilimwona.
Alirudi nyuma kidogo, chozi lisiguse wino.

Na ile taarifa ya mwaka, ya kumpa usimamizi mkuu,
aliiandika mara kumi na moja.
Ya kwanza ilitosha, kila mtu alimwambia.
Ya kumi na moja haikuwa na doa
ilipofika ofisini, wiki mbili baada ya kiti kukaliwa
na Mhando, ambaye huandika "gala".
Kamba hukatikia pembamba, husema watu.
Yake ilikatikia pale iliponenepa kuliko pote.

Pale Bombo, daktari Shemdoe hakutaja wazimu.
Alisema hakuna kitu kigeni kilichomwingia rohoni.
Ni yale yale tunayomsifia mtoto shuleni,
nadhifu, mwangalifu, mchapakazi, hatupi senti,
ila yamevutwa mpaka hayapindi tena.
"Yuko anayenawa mikono kutwa
huku akiuchukia mkono unaonawa.
Baba yako si huyo. Yeye anajiona amenyooka,
dunia ndiyo imekaa upande."

Nikamwuliza, basi mpaka uko wapi?
Akacheka kidogo.
"Binti wa mpanga madaraja, nikuulize mimi:
daraja la pili linaanzia wapi?"
Kiganjani, nilitaka kusema. Kwa anayeshika.
Kisha nikamkumbuka mama.
Labda kwa anayefungwa.

Baba alipewa fomu ya maswali hamsini, na penseli.
Alikaa nayo benchini saa mbili nzima.
Akairudisha bila jibu hata moja,
ila kila kosa la chapa limesahihishwa,
limepigiwa mstari kwa ukingo wa kitambulisho.
Mstari wa tatu: "mgojwa".
Aliipachika n yake ndogo, safi,
kama inayoomba radhi kwa kuchelewa.

Sikumwambia
kwamba kosa hilo nililiona kabla yake,
tangu mlangoni, fomu ikiwa bado mkononi mwa nesi,
imegeuzwa juu chini,
na kidole kikaniwasha.